Akiba ya Jua: Mwongozo wa Buraha ya Kipupwe Katika Mara

Kipupwe cha mkoa wa Mara hakiji na theluji wala barafu, wala hakimtishi mtu kwa kishindo. Huja kidogo kidogo baada ya masika kukoma, kikaanza kama ubaridi wa alfajiri unaomfanya mtu akawie kutoa mguu chini ya shuka, hata ifikapo Julai kikawa ndiyo hali ya kila usiku, na mwenye nyumba akajikuta analifunga dirisha ambalo miezi mitatu nyuma asingeweza kulala bila kulifungua. Kwa kuwa ni baridi ya kadiri, aghalabu watu hawaifanyii maandalizi yoyote. Huikunjia mikono kifuani, wakanung'unika, wakangoja Septemba iwaondolee adha. Nadhani hilo ni kosa, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyechoka kuvumilia jambo ambalo angeweza kulifurahia.

Wako watu walioifanya baridi kuwa hirimu yao, nao ni Wadenmaki wa kaskazini ya Ulaya, wenye neno lao hygge, litamkwalo karibu na “huga” midomo ikiwa imechongoka kama ya mtu apigaye mbinja, na maana yake ni ile hali ya kukaa mahali padogo penye mwanga wa upole, pamoja na watu wachache mnaojuana, mkinywa kitu cha moto pasi na haraka wala majivuno wala ubishi. Tangu mwaka 2016, vitabu vya kuwafunza walimwengu hali hiyo vilipovuma, neno hilo limegeuka bidhaa, na wapo wachuuzi wanaouza soksi, mablanketi na mishumaa yenye manukato kwa jina lake, kana kwamba utulivu wa nafsi hupimwa kwa mizani ya duka. Sina ugomvi na Wadenmaki. Ugomvi wangu ni na mtu wa Mara anayetaka kuwaiga kwa kuanza na mshumaa.

Tazama hesabu yenyewe. Mwezi wa Desemba jua la Copenhagen huchomoza karibu na saa mbili na nusu asubuhi, likatua karibu na saa tisa na nusu alasiri, hivyo kwamba mtu huweza kwenda kazini gizani na kurudi gizani. Ilhali sisi, tulio digrii moja na nusu tu kusini ya Ikweta, hupata mchana wa saa 12 hata katika kina cha kipupwe, na jua lenyewe la Julai, maadamu mvua zimekwisha, huwaka kwa ukarimu mpaka karibu na saa moja kasoro dakika kumi ya magharibi. Mdenmaki hupigana na giza, na mshumaa ni silaha yake ya haki. Sisi maradhi yetu ni mengine: tuna jua la mchana kuliko tunavyolihitaji, na baridi ya usiku kuliko tunavyoipenda, na baina ya viwili hivyo hatukujenga ghala. Basi kazi yote ya mwongozo huu ni kulijenga ghala hilo, yaani kulitwaa joto la adhuhuri tukalitunza katika pamba, katika maji, katika jiwe, katika chakula, na katika miili ya watu waliokaribiana, hata litufae saa nne ya usiku.

Lugha yetu ilikwisha kulijua jambo hili kabla ya kuelezwa na mtu. Neno kuota hutumika kwa anayejisogeza motoni au juani, na hutumika kwa anayeona mambo usingizini, na hutumika pia kwa mbegu inayochomoza ardhini. Sijui kama wataalamu watanikubalia kuyaunganisha matatu hayo, lakini mtu aliyepata kukaa mbele ya moto wa magogo kwa muda mrefu, macho yakamlegea na fikra zikaanza kumchipua zenyewe, hatahitaji mtaalamu. Na neno anasa, ambalo leo tunalitumia kwa kulaumu, tukikusudia israfu ya wenye mali, asili yake katika Kiarabu ni uns, yaani ulfa na mazoea baina ya watu. Akaaye peke yake juu ya kochi la thamani, kwa mujibu wa asili ya neno, hana anasa yoyote.

Kabla hujanunua wala kushona kitu, ijue kwanza baridi ya mahali pako, kwa sababu haiwi moja. Musoma imezungukwa na ziwa karibu pande zote, na maji mengi yana tabia ya kushika joto na kuliachia polepole, hata usiku wa ufukweni hauwi mkali sana. Adui wa mtu wa mitaa yake kama Mwigobero au Makoko ni upepo, ambao mchana hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Butiama iko mbali na maji na imeinuka juu ya vilima, na mbingu yake ya Julai, isipokuwa na mawingu ya kuifunika, huiacha ardhi itoe joto lake lote juu kama mtu alalaye bila shuka. Hapo upepo waweza kuwa mdogo kabisa na bado mifupa ikauma. Bunda, iliyo kati ya ziwa na mbuga ya Serengeti, ina kidogo cha hiki na kidogo cha kile, pamoja na vumbi. Kwa hiyo mtu wa Musoma aanze na kuziba nyufa za mlango na dirisha; mtu wa Butiama aanze na kilicho juu ya kichwa chake, kwani nyumba ya bati isiyo na dari hupoa upesi sana jua likishatua, na hata dari hafifu ya turubai safi au ya mikeka iliyotandazwa juu ya boriti huleta tofauti ambayo mtu ataihisi usiku ule ule.

Sasa tuje kwenye godoro, ambalo ndilo ghala la kwanza. Katika wilaya ya Bunda, kama katika nchi nyingi za kandokando ya ziwa, pamba hupandwa kwa mvua za Novemba na Desemba, ikavunwa katika miezi hii hii ya kipupwe, na mtu asafiriye kwa barabara ya Mwanza kwenda Musoma wakati wa msimu huona vijitonge vyeupe vimenasa kwenye majani ya kando ya njia, vilivyodondoka kutoka katika magari yaendayo kwenye viwanda vya kuchambulia. Huona pia, kama ana jicho la kuona, kwamba wakulima wenyewe aghalabu hulala juu ya godoro la sponji lililochakaa. Mwenye godoro la pamba au la sufi asilidharau kwa kuwa ni la kizamani. Pamba hufyonza jasho na unyevu, ikashikana madonge, ikawa baridi na nzito. Lakini ukiitoa nje saa tatu asubuhi, ukailaza juu ya mkeka au juu ya kichanja mahali penye jua tupu, ukaipiga kwa fimbo nyembamba upande mmoja mpaka vumbi likome, ukaigeuza saa sita na kuupiga upande wa pili, utaiona inavimba mbele ya macho yako kama mkate uliotiwa hamira. Siri iko katika saa ya kuliingiza ndani. Wengi huliacha godoro nje mpaka jua litue, wakidhani kuwa wamelipa muda zaidi, kumbe baada ya saa kumi na moja hewa huanza kuwa nzito na godoro hukinywa kile kile lilichokuwa limekitoa. Liingize saa kumi, likiwa bado linaunguza kiganja, ulitandike, ulifunike kwa blanketi nalo lililoanikwa, kisha usiliguse. Utakapolala saa nne, ukitia mkono chini ya blanketi, utakuta mchana mzima umekungoja. Godoro la sponji halishiki joto vivyo hivyo, wala halipendi kuachwa juani siku nzima. Lipe saa mbili, na nguvu zako uzipeleke kwenye mablanketi.

Kuhusu mavazi sina mengi. Nenda mnadani, wakati marobota ya mitumba yanapofunguliwa, utafute sweta la sufu ya kondoo, si la nyuzi za kiwandani zinazong'aa. Utalijua kwa kulivuta, kwa kulinusa likiwa bichi, na kwa uzito wake mkononi. Huenda lilifumwa kwa ajili ya mtu wa kaskazini ile ile tunayoizungumzia, akalichoka, nalo likavuka bahari likafika Bunda kwa bei ya sahani mbili za wali. Mtoto apate boshori na soksi. Mzee apate shuka nzito ya kujitanda mabegani, kwa kuwa baridi ya mzee huanzia mabegani na baridi ya mtoto huanzia miguuni.

Maji ni ghala la pili, na ni rahisi kuliko yote. Jaza pipa au ndoo nyeusi asubuhi, uifunike, uiweke ubavuni mwa ukuta unaotazama magharibi, mahali ambapo jua la alasiri hugonga moja kwa moja, na kufikia saa kumi utakuwa na maji ya kuoga yasiyohitaji kuni hata moja. Oga wakati huo, wala si saa mbili usiku. Mtu aliyeoga mapema, akajipaka mafuta, akavaa nguo kavu kabla ya jua kutua, huingia katika usiku akiwa na joto lake mwenyewe. Mtu aogaye gizani kwa maji ya moto, kisha akatoka nje na mwili wenye maji, huwa amejinunulia baridi kwa gharama ya mkaa.

Ghala la tatu hujengwa na Mwenyezi Mungu, nalo ni mawe. Anayeifahamu Musoma hahitaji kuelezwa habari za majabali ya itale yaliyorundikana ufukweni na juu ya vilima, mengine makubwa kama nyumba na yamekalia mengine madogo kwa namna inayomfanya mgeni apite upesi. Majabali hayo hupokea jua tangu asubuhi, na yakishaivishwa huchelewa mno kupoa. Jioni, jua likikaribia maji, chagua jabali lenye mgongo mpana, utandike khanga, ukae ukiegemea. Jiwe litakupa mgongoni joto lile lile linalokuacha usoni, na kwa muda wa saa nzima hutakuwa na haja ya moto. Pimbi wanalijua jambo hilo kuliko sisi. Wale wanyama wadogo wa mawe, wanene wasio na mkia, hawatoki kutafuta chakula asubuhi mpaka wamekwisha kulala kifudifudi juu ya jiwe, wamebanana, wanaota jua kwa uvivu uliokamilika. Lakini neno moja la tahadhari, kwa vile nimewaona vijana wakilifanya: kama unataka kupasha jiwe motoni ili ulifunge kwa kitambaa na kuliweka miguuni, usitwae jiwe lililookotwa ziwani au mtoni, kwani maji yaliyojificha ndani yake hugeuka mvuke na jiwe hupasuka kwa kishindo, na vipande vyake vina uwezo wa kumpofua mtu. Bora chupa ya maji, yawe ya moto lakini yasiyochemka, ikazibwa vizuri na kufungwa ndani ya khanga. Ukiitia kitandani nusu saa kabla ya kulala, itakutosha.

Hapa sina budi kusimama kidogo juu ya habari ya jiko la mkaa, kwa sababu yote niliyoyasema mpaka sasa ni raha, na hili ni uhai. Miaka kadhaa iliyopita nilipata kulala ugenini katika kijiji kimoja cha vilimani, na mwenyeji wangu, kwa ukarimu usio na doa, alipoona natetemeka aliniletea jiko lenye makaa chumbani, akanihakikishia kwamba halina madhara kwa kuwa makaa yalikwisha kuwa mekundu na moshi umetoka wote. Nilimshukuru, nikafunga mlango, nikalala kama jiwe. Niliamka usiku wa manane kichwa kikinigonga kama kinu, miguu haina nguvu, na akili inaniambia kwa upole mkubwa kwamba hakuna haja ya kuinuka. Nadhani kilichoniokoa ni ule ufa wa chini ya mlango ambao jioni nilikuwa nimeulaani. Nilitambaa mpaka nje, nikatapika, nikakaa barazani hadi alfajiri. Mwenyeji wangu hakuwa na kosa la nia. Alikuwa na kosa la elimu, na kosa hilo limeenea. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yenye hadaa kubwa zaidi, kwani hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo hushika damu mahali pa hewa safi mpaka mtu akafa usingizini pasi na kukohoa hata mara moja. Kwa hiyo moto wako uwe nje, uani, au jikoni penye matundu ya kutosha. Jiko lisilale chumbani hata kama linakaribia kuzimika, wala hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo. Ukitaka joto la chumbani umekwisha kupewa godoro na chupa.

Moto wa uani ndio moyo wa jioni. Uwashe kabla giza halijaingia, ili usihangaike na vijiti mbele ya wageni. Uwe wa magogo mawili au matatu makavu yaliyokutanishwa vichwa, yakisogezwa kila yanapoliwa, si moto mkubwa wa kuwafukuza watu nyuma. Moto mdogo huwaleta watu karibu, na kukaribiana huko ni nusu ya joto linalotafutwa. Viti viwe vya chini, vigoda na mikeka, na vipangwe upande unaotoka upepo, moshi usije ukamfuata mtu. Musoma, usiku, maana yake ni kuyatazama maji. Mkubwa wa umri akae penye kiegemeo.

Mwanga wa nyumbani uwe mchache na uwe chini. Katika jambo hili naona Wadenmaki wametutangulia kwa haki: fundi wao mmoja, Poul Henningsen, tangu miaka ya 1920 alijishughulisha na kubuni taa ambazo jicho haliuoni mwali wake moja kwa moja, bali huona tu nuru iliyokwisha kupigwa na kupozwa na vibao vya taa. Sisi tumezoea kinyume chake, yaani kuning'iniza katikati ya dari globu nyeupe yenye ukali wa chumba cha upasuaji, kisha tukashangaa mbona mazungumzo hayanogi. Izime. Washa kandili au taa ya sola, uiweke sakafuni nyuma ya ungo au kikapu, mwanga upenye kwenye matundu ya ukili, na kama ni globu basi iwe ya manjano. Kwa mtu wa ufukweni iko faida nyingine: wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kutoka majini kama nguzo za moshi, hufuata taa; taa yako ikiwa kando, hawatakuwa wageni wa sahani yako. Na usiku usio na mwezi geuza macho ziwani, kwa maana wavuvi wa dagaa huwa wamewasha taa zao kuwaita samaki, mamia yake yametandazwa juu ya weusi wa maji, hata mtu hushindwa kujua ziwa limekoma wapi na mbingu imeanzia wapi. Kumbuka lakini kwamba wale walio chini ya taa zile hawana starehe. Dagaa utakaowala kesho wamelipiwa kwa baridi ya wavuvi hao.

Chakula cha kipupwe kiwe cha kushikwa kwa mikono miwili. Alasiri, mtu mwenye njaa ndogo ale michembe, yaani vile vipande vya viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa tangu mavuno, ambavyo ni jua la mwezi uliopita lililogeuka chakula. Huchemshwa mpaka vilainike, vikaliwa na maziwa ya mgando au karanga zilizopondwa. Lakini jioni yenyewe ni ya supu ya samaki, nami naomba nifafanue, kwa sababu nimeiona ikiharibiwa na watu wenye mapenzi mema. Nunua sato mzima aliyetoka majini siku ile, macho yake yakiwa angavu na matamvua yakiwa mekundu, umparue magamba, umkate vipande vitatu na kichwa usikitupe, maana utamu wote wa supu unakaa kichwani. Mkamulie ndimu, umtie chumvi, umwache robo saa. Chemsha maji pamoja na tangawizi iliyopondwa, kitunguu, nyanya mbili zilizokatwa kubwa kubwa, na pilipili nzima isiyopasuliwa, ielee tu juu kama boya. Maji yakishatoa harufu ndipo umtie samaki, upunguze moto, na kuanzia hapo mwiko usiingie tena katika sufuria. Hilo ndilo kosa la wengi: hukoroga. Sato hukatika, miba huenea, na supu ikawa ni kazi ya kutema. Ukitaka kuchanganya, shika sufuria kwa masikio yake uitikise. Baada ya dakika kumi na tano hivi ipakue katika mabakuli yenye kina, kila mtu alishike lake, ainywe kwa sauti, na ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo uwe katikati ya wote kwa ajili ya nyama ya samaki itakayobaki chini. Baadaye chai ya rangi yenye tangawizi, au kahawa chungu kwa wazee.

Sasa habari ya watu. Waite wachache, wanne au sita, wala usiwaite kwa sherehe. Kipupwe si harusi. Mtoto akitumwa kwa jirani aseme tu, “Shikamoo, bibi. Mama anasema moto umewaka.” Na bibi akijibu, “Marahaba, mjukuu wangu. Mwambie nakuja, nachukua kigoda changu,” basi mwaliko umekwisha kutolewa na kukubaliwa, na hakuna mtu aliyepata dhiki ya kununua zawadi. Mwenye kuja na kuni mbili kwapani amekuja na zawadi ya kutosha. Simu zikae ndani, katika kapu moja; habari za madeni, mirathi na uchaguzi zingoje mchana, si kwa sababu hazina maana, bali kwa sababu zina maana sana, nazo hazifai kuzungumzwa na watu wanaoshindwa kuonana nyuso sawasawa.

Iko kalima ya nchi hii hii itakayokufaa. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa huko mwaka 1999, alipoacha urais mwaka 1985 alisema kuwa anang'atuka, neno la Kizanaki ambalo kwa kinywa chake limeingia katika Kiswahili cha taifa zima. Tumelizoea kwa mambo makubwa ya vyeo. Mimi nakushauri ulitumie kwa mambo madogo: kila jioni ya kipupwe, jua likishatua, ng'atuka. Duka lifungwe, daftari lifunikwe, jembe lioshwe. Mwalimu mwenyewe, ajulikanavyo, alipenda kukaa na wazee kucheza bao, na katika miaka ya ustaafu alizigeuza Injili kuwa tenzi za Kiswahili, zikachapishwa mwaka 1996. Mtu aliyebeba mizigo ya nchi akapata wasaa wa kete na vina, sembuse mimi na wewe. Bao linafaa mno mbele ya moto, kwa sababu wawili hucheza na wanne huwasahihisha. Wasiolijua wategeane vitendawili, na mtoto aliyeshindwa atoe mji. Au msomeane kwa sauti, kurasa tatu tu, kwa zamu, msomaji akiwa ndiye mwenye haki ya kukaa karibu na kandili.

Ikiwa ndugu zako wako mbali, mathalani wewe ni mwalimu mgeni uliyepangiwa kazi Bunda, usidhani kwamba mwongozo huu haukuhusu. Nenda uulizie Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Kisangwa. Vyuo vya namna hiyo vilianzishwa nchini mwaka 1975 kwa mfano wa Uswidi, na Waswidi nao waliichukua fikra hiyo kwa Mdenmaki N. F. S. Grundtvig, mchungaji na mshairi wa karne ya 19, aliyetaka watu wazima wakae pamoja wajifunze kwa kuzungumza na kuimba. Hivyo, kwa njia ndefu, Wadenmaki walikwisha kufika Bunda zamani kabla ya mishumaa yao. Mahali watu wazima wanaposomea ufundi pamoja hapakosi mtu anayetafuta mwenzi wa kunywa naye chai.

Moto usizimwe kwa maji. Yatawanye magogo, ufukie makaa kwa jivu, na hakikisha hakuna cheche upande wa nyasi, kwani nyasi za Julai ni kavu. Ndani, funga dirisha la upande wa upepo na uache tundu dogo upande wa pili. Zima kandili kabla hujaingia katika chandarua, usiingie nayo. Na kesho, ukiamka, usikimbilie jikoni. Beba kikombe cha uji wa ulezi, utoke nje mahali ambapo jua la kwanza hugonga ukuta, uketi, uegemee, unywe polepole mpaka uhisi joto limefika kwenye vidole vya miguu. Kisha litoe godoro.